Somo la 9: Mkate kwa Aliyelala Nje

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Isaya 58, 1 Wafalme 19:1–9, Kutoka 16:20–26, Mathayo 12:1–12, Matendo 6:1–7, Marko 6:39, 40, Luka 14:12–14.

Fungu la kukariri: Isaya 58:7.

Katika makanisa mengi ya mjini, akina mama wa Dorkasi au Idara ya Huduma za Jamii wana desturi ya kufunga chakula cha mchana na kuwapelekea watu wanaolala nje: kwenye baraza za maduka, chini ya madaraja, katika stendi za mabasi na pembeni mwa masoko. Chapati mbili, yai la kuchemsha, ndizi na chupa ya maji. Vijana hubeba, shemasi hupanga foleni, mtu mmoja huanzisha wimbo, na baada ya saa moja kazi imekwisha. Washiriki hurudi nyumbani wakiwa na furaha, na furaha hiyo ni halali.

Juma hili hatuulizi kama kazi hiyo ni njema, kwa maana Maandiko yalikwisha kulijibu hilo. Swali letu ni gumu kidogo. Je, yule aliyepokea chakula amesogea karibu na meza ya kanisa, au pakiti ile ndiyo iliyomweka mbali nayo kwa adabu? Mtu aweza kupewa chakula langoni kila juma kwa miaka mitatu, na kanisa lisijue hata jina lake.

JUMAPILI
Mkate Wako

Soma Isaya 58:1–7. Watu wanaosemwa hapa ni watu wa namna gani?

Hawakuwa wapagani. Walimtafuta Mungu kila siku, walipenda kuzijua njia zake, walifunga na kujinyenyekeza. Tena walishangaa kwa nini Mungu haoni bidii yao (fungu la 3). Jibu la Bwana halikugusa muda wa maombi yao wala mavazi yao ya magunia. Liligusa watumishi wao, wadeni wao, na watu waliolala nje ya malango yao.

Katika fungu la 7, kitenzi cha Kiebrania kinachotumika kwa habari ya kuwapa wenye njaa mkate kina maana ya kuvunja, yaani kumega. Kila aliyelelewa kwenye sinia moja na ndugu zake anaelewa jambo hili. Anayemega hali peke yake kwanza halafu akatoa kilichobaki. Humega, sehemu moja ikaenda kinywani mwake na nyingine mkononi mwa mwenzake, na wote wawili wakala kitu kilekile. Ndiyo maana nabii anautaja mkate ule kuwa ni wa yule anayetoa. Ni mkate wako, ule ambao ungeula wewe. Viazi vilivyoanza kuota na unga uliokaa hadi ukapata wadudu havimo katika fungu hili.

Kisha anataja maskini waliotupwa nje. Neno la asili linabeba wazo la kutangatanga bila makao, na linatumika pia katika Maombolezo 1:7 kwa habari ya Yerusalemu wenyewe katika siku za mateso yake. Kumbe taifa zima liliwahi kuitwa kwa jina hilo. Watafsiri wetu walifanya vema kusema wametupwa, kwa sababu mtu hajikuti barabarani hivi hivi tu. Yuko mjane aliyefukuzwa na ndugu wa marehemu kabla matanga hayajaisha. Yuko mtoto aliyekimbia fimbo. Yuko kijana aliyekuja mjini kutafuta kibarua, akaugua, kodi ya chumba ikamshinda. Yuko mgonjwa wa akili ambaye familia ilichoka kumfuata.

Angalia pia nabii anawapeleka wapi. Si langoni. Anasema waletwe nyumbani. Na mwisho wa fungu anakataza mtu kujificha asionekane na aliye damu yake mwenyewe. Hapa ni vizuri kusema wazi: baadhi ya wanaolala stendi wana shangazi anayeimba kwaya.

Zingatia: Wengi wetu tunayajua mafungu ya 13 na 14 ya sura hii bila kufungua Biblia, kwa sababu tunayatumia tunapofundisha habari za Sabato. Ni wangapi wanalijua hivyo fungu la 7? Sura ni moja, na msemaji ni mmoja.

JUMATATU
Chini ya Mretemu

Soma 1 Wafalme 19:1–9. Ni mambo gani malaika alimfanyia Eliya, na ni mambo gani hakuyafanya?

Usiku ule Eliya hakuwa na makao. Alikuwa ametoka Yezreeli akikimbia tishio la Yezebeli, amemwacha mtumishi wake Beer-sheba, amekwenda mwendo wa siku moja jangwani peke yake. Alilala chini ya mti akiomba kufa. Kama washiriki wa leo wangepita pale wangeona mwanamume mchafu, mwenye vumbi, aliyelala mchana, asiyejibu vizuri akisalimiwa. Wengine wangesema amelewa.

Malaika alimgusa. Hilo ndilo jambo la kwanza, na si dogo. Watu wanaolala nje hukaa miezi mingi bila kuguswa na mtu ila anayewasukuma. Kisha akamwambia aamke ale. Palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji kichwani pake, yaani mahali ambapo mkono wake ungefika bila kuinuka. Chakula kilimfuata alipo, kikiwa cha moto.

Sasa tazama kile ambacho hakikusemwa. Malaika hakumuuliza Eliya kwa nini amekimbia, ingawa swali hilo lilikuwa na haki yake. Hakumkumbusha moto wa Karmeli. Hakumtaka asikilize somo kabla ya kula. Eliya alikula, akanywa, akalala tena. Na Mungu akamwacha alale.

Wahudumu wengi hukata tamaa mahali hapa. Mtu aliyepewa chakula hakushukuru. Hakuja kanisani Sabato iliyofuata. Amelala palepale, kwenye boksi lilelile, na huenda chupa ya gundi iko palepale mfukoni. Basi mtu husema, tumewasaidia lakini hawataki kubadilika. Laiti malaika yule angekuwa na moyo wa namna hiyo! Biblia inasema alirudi mara ya pili. Akamgusa tena, akampa chakula tena, na safari hii akaongeza neno moja la upole, kwamba safari iliyo mbele ni ndefu kuliko nguvu zake. Hilo halikuwa lawama. Mungu mwenyewe alikuwa akikiri kwamba mtu wake amechoka.

Swali la Mungu kwa Eliya linakuja katika fungu la 9, pangoni Horebu, baada ya mwendo wa siku arobaini. Hata hapo Mungu anauliza, anasikiliza, anauliza tena. Utaratibu ni huu: mguso, mkate, usingizi, mkate tena, mwendo, ndipo mazungumzo. Katika huduma zetu mara nyingi tunaanza na mazungumzo, tena mazungumzo yenyewe huwa hotuba, na chakula kinakuwa malipo ya kuivumilia. Mtu mwenye njaa atasema amina kwa lolote. Amina ya namna hiyo haina faida kwake wala kwa kanisa.

Hii haina maana kwamba Injili inyamazishwe. Eliya alipata neno la Bwana, tena kubwa: alipewa kazi, alipewa mwenzake Elisha, na aliambiwa kwamba hayuko peke yake. Lakini alilipata akiwa ameshiba na amepumzika.

JUMANNE
Jungu la Ijumaa

Soma Kutoka 16:20–26 na Mathayo 12:1–12. Mafungu haya yanaongozaje namna tunavyoandaa chakula cha kuwapa wengine siku ya Sabato?

Kutenda mema siku ya Sabato ni halali. Yesu alisema hivyo katika sinagogi, mbele ya watu waliokuwa wakimvizia, na alipowatetea wanafunzi wake waliovunja masuke alianza kwa kukumbusha njaa ya Daudi. Kwa hiyo kupeleka chakula kwa wenye njaa hakuvunji siku ya Bwana. Kupika ni jambo lingine. Agizo la mana linataka kilichookwa na kilichotokoswa kiwe tayari siku ya sita, na hapo ndipo hekima ya jikoni inapohitajika.

Kila mama anajua kwamba si kila chakula kinafika kesho. Mana iliyobakizwa ilitoa mabuu siku nyingine, ila ya Sabato haikuharibika. Maharagwe ya nazi hayana ahadi hiyo. Yakipikwa Ijumaa alasiri bila friji, yatakuwa yamechacha kabla ya ibada kuu, na wali uliofungwa ukiwa wa moto katika chombo kisichopitisha hewa huharibika upesi vilevile. Mtu anayelala nje akiharisha hana choo cha kukimbilia wala maji ya kunawa. Kwa hiyo ni afadhali vyakula vinavyostahimili: chapati kavu zilizoachwa zikapoa kabla ya kufungwa, viazi vitamu vya kuchemsha, mayai yasiyomenywa, karanga za kukaanga, ndizi mbivu, machungwa. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku, Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, makanisa mengi hutumia mifuko ya karatasi, na kwa chakula kikavu inafaa sana.

Kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Amri ya nne inawataja pia watumishi na wageni, ili wote wapumzike (Kutoka 20:10, Kumbukumbu la Torati 5:14). Kama pakiti themanini zinapikwa Ijumaa na akina mama wanne waliotoka kazini saa tisa, nao wakaikaribisha Sabato wakiwa hoi, wamenuka moshi na watoto wao hawajaoga, basi kanisa limelisha maskini kwa kuwanyima pumziko watu wake wenyewe. Wazee wa kanisa wana mikono. Kumenya mayai na kukanda unga hakuhitaji kuwekewa mikono.

Na je, ni lazima iwe Sabato? Katika vitovu vya miji yetu, maduka mengi na mama lishe hufunga siku ya Jumapili. Siku hiyo hakuna makombo, hakuna kibarua cha kubeba mizigo, hakuna mpita njia wa kumwomba shilingi. Huenda kanisa linapeleka chakula siku inayolifaa kanisa, wakati njaa kubwa inakuja kesho yake. Jambo hili halijulikani kwa kukaa katika kamati. Linajulikana kwa kuwauliza wenyewe.

JUMATANO
Supu ya Senti Moja

Waadventista walianza mapema kazi ya namna hii. Mwaka 1874, huko Battle Creek katika jimbo la Michigan, Marekani, kikundi cha akina mama kilianza kushona nguo na kuwasaidia wenye shida kwa chakula, na kikajiita kwa jina la Dorkasi wa Yafa (Matendo 9:36–42). Jina hilo tunalo hadi leo.

Miaka 19 baadaye, tarehe 25 Juni 1893, kazi kubwa zaidi ilifunguliwa Chicago chini ya daktari John Harvey Kellogg. Ulikuwa mwaka mbaya. Mabenki yalianguka, viwanda vikafungwa, na katika majira ya baridi yaliyofuata watu wasio na kazi walilala kwenye korido za jumba la manispaa na katika vituo vya polisi. Misheni hiyo ilitoa matibabu bure, mahali pa kuoga, na mahali ambapo mtu angeweza kufua nguo zake. Pia iliuza chakula: supu ya maharagwe na mkate mkavu, kwa senti moja. Mwaka 1896 iliongezwa nyumba ya kulala kwa watu wa kazi za mikono.

Kwa nini senti moja, wakati isingetosha kulipia hata chumvi? Kwa sababu mtu aliyelipa ni mteja. Anaweza kusema supu imepoa. Anaweza kuchagua kutokuja. Anayepewa bure kwenye foleni huku mtu akimpiga picha hana nafasi ya kusema lolote ila asante. Hatusemi kwamba pakiti zetu ziuzwe. Wako wasio na hata hiyo senti, na Isaya hakutaja bei. Lakini sabuni, beseni na ndoo ya maji ya kufulia vingeweza kumpa mtu heshima ambayo chapati peke yake haiwezi kumpa.

Kazi ya Chicago ilileta pia maswali. Ellen G. White, aliyekuwa Australia hadi mwaka 1900, aliandika barua akionya juu ya uwiano. Hakupinga kuwasaidia walioanguka. Alihofu kwamba kazi ya mji mmoja ilikuwa inameza fedha na watu huku maeneo mengine yakikosa hata kidogo, na Australia yenyewe ilikuwa mojawapo ya maeneo hayo yenye uhitaji. Na Kellogg alipofarakana na viongozi wa kanisa, hata akaondolewa katika ushirika mwezi Novemba 1907, ilionekana jinsi kazi inavyoyumba ikiwa imeshikwa na mkono wa mtu mmoja. Makanisani kwetu hali hii haijabadilika sana. Mama mmoja mwenye moyo akihamishwa kikazi, au mfadhili mmoja akiacha kutuma, pakiti hukoma, na wale wa stendi hawaambiwi sababu. Wao husubiri tu Sabato ile, na nyingine.

ALHAMISI
Aliwaketisha

Soma Matendo 6:1–7. Kanisa la kwanza lilifanya nini liliposikia kwamba kuna waliosahauliwa katika mgawo?

Kosa lilikuwa katika orodha. Wajane wa Kiyahudi wenye kusema Kiyunani walikuwa wakirukwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwaambia walalamikaji washukuru kwa kidogo. Waliwaambia wanafunzi wachague watu saba wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima, na majina ya wote saba ni ya Kiyunani. Inaelekea kwamba kazi ilikabidhiwa kwa watu wa upande ule uliokuwa ukisahauliwa.

Nani anarukwa katika mgawo wetu? Foleni huwapendelea wenye miguu. Vijana hufika kwanza. Mwanamke anayelala nje na mtoto mchanga hujificha kwa sababu za usalama wake, na hawezi kukimbilia gari la kanisa. Mzee asiyesikia hajui kwamba mmekuja. Mgonjwa wa akili hapangi foleni.

Fikiria kijana wa miaka kumi na miwili aliyepokea pakiti yake, akarudi mbele ya meza na kusema, “Shikamoo mama. Naomba na ya mwenzangu, anaumwa, yuko kule darajani.” Na shemasi aliye karibu anasema, “Mwanangu, utaratibu ni mtu mmoja pakiti moja.” Shemasi hana ubaya, pakiti ni chache, na wapo wanaodanganya. Lakini ikiwa kijana anasema kweli, basi pale darajani yuko Eliya mmoja, na anayetaka kumpelekea mkate ni mtoto asiye na kitu, tena anaomba kwa adabu. Mama yule angeweza kusema, “Twende pamoja baba, nikamwone.” Akidanganya, watakuwa wametembea dakika kumi na kufahamiana. Asipodanganya, kanisa litakuwa limemwona mtu wa darajani.

Yesu alipowalisha elfu tano, chakula cha kuanzia kilikuwa mikate mitano ya shayiri na samaki wawili wa mtoto mmoja (Yohana 6:9), na shayiri ilikuwa mkate wa watu maskini. Kabla ya kumega, aliwaketisha. Marko anaongeza kwamba waliketi vikundi vikundi juu ya majani mabichi (Marko 6:39, 40). Mtu aliyeketi na kuhudumiwa ni mgeni. Hawezi kusukumwa, na haogopi kwamba chakula kitaisha kabla zamu yake haijafika.

Katika Luka 14:12–14 Yesu anasogea hatua nyingine. Anazungumza na mwenyeji wake juu ya orodha ya wageni, na anataja maskini, vilema, viwete na vipofu kuwa ndio wa kualikwa. Makanisa mengi huwa na chakula cha ushirika baada ya ibada. Meza hupangwa chini ya mti au katika ukumbi wa watoto, masufuria hufunuliwa, na mlinzi huambiwa afunge geti. Mara nyingi saa hiyohiyo kikundi kingine kinatoka na pakiti kwenda stendi. Chakula kinatoka getini, na watu hawaingii. Wanaopanga hivyo hawana nia mbaya. Ni mazoea, na pia ni hofu ya wizi, ya harufu, ya watoto kuogopa. Hofu nyingine zina msingi, na kanisa lenye busara litaanza kidogo: wageni watatu wanaojulikana kwa majina, waliokwisha kuzungumza na mashemasi, wakaribishwe kuoga, wapewe shati safi, waketi kati ya familia na si kwenye meza yao peke yao pembeni.

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Soma tena Isaya 58 yote kwa sauti pamoja na familia kabla jua halijachwa. Watoto waulizwe ni watu gani wanaolala nje wanaowaona njiani kwenda shule. Mara nyingi wanawafahamu kuliko wazazi wao, na wengine wanayajua majina yao.

Maswali ya kujadili:

1. Katika darasa lenu la Shule ya Sabato, ni nani anayeweza kutaja majina ya watu wawili wanaolala nje katika eneo la kanisa? Alipataje kuyajua?

2. Mshiriki mmoja anasema kwamba kuwapa chakula kila juma kunawazoeza uvivu. Mwingine anasema tusipowapa wataiba. Je, hoja hizi mbili zinamtazama mtu yuleyule kwa jicho gani? Eliya angeingia wapi katika hoja hizo?

3. Kanisa lenu lina fedha za kutosha kwa pakiti arobaini kila juma, au kwa pakiti kumi pamoja na kodi ya chumba cha mama mmoja mwenye mtoto. Mngeamua nini, na mngemweleza vipi yule wa thelathini ambaye hatapata tena?

4. Ni mara ngapi chakula cha ushirika kimeliwa katika kanisa lenu mwaka huu? Katika meza hizo, aliketi nani asiye na makao, na aliketi karibu na nani?